Kompyuta ya Nyumba Mbili

Kazi yangu ni kupiga picha. Nimeifanya tangu mwaka 1998, na kwa muda wote huo maisha yangu yamegawanyika katika nyumba mbili. Studio yangu iko Bukoba mjini, katika chumba kimoja cha kupanga huko Kashai. Nyumba yangu hasa, pamoja na mke wangu, watoto wetu na kibanja chetu cha migomba na mibuni, iko Muleba, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kusini. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hawezi kuliacha darasa lake. Nami siwezi kuihamisha studio, maana wateja wa picha za vitambulisho wako mjini. Basi kila Ijumaa jioni hupanda gari, nikaipita Kemondo na Muhutwe, nikalala kwangu. Na Jumatatu alfajiri hurudi kazini. Harusi nyingi ninazozipiga ziko huko huko upande wa Muleba, siku za Jumamosi.

Nayaeleza haya mapema ili msomaji aelewe ni kwa nini jambo dogo kama ununuzi wa kompyuta liliweza kutushughulisha mimi na mama watoto kwa miezi mitano, likatugombanisha mara mbili, na mwishowe likatukumbusha jambo ambalo sote wawili tulilijua tangu utotoni.

Usiku mmoja wa mwezi Aprili, 2025, masika yakiwa yamepamba moto, radi ilipiga karibu na studio. Asubuhi nilipobonyeza swichi, kompyuta yangu ya mezani haikuitika. Fundi aliifungua, akanusa ndani yake, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imeungua, na pamoja nayo picha za miaka miwili. Simlaumu mtu. Mimi ndiye niliyeiacha kompyuta kwenye umeme usiku wa mvua, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila mwezi, “Nitanunua diski ya pili mwezi ujao.”

Hasara ya fedha ningeweza kuivumilia. Lililonivunja moyo lilikuja mwezi Juni. Kijana mmoja wa Nshamba, ambaye nilimpigia picha za harusi mwaka 2024, aliingia studio akiwa amevaa kofia mkononi.

“Shikamoo, mzee,” alisema. “Mama ametutoka. Nimekuja kuomba ile picha yake aliyokaa peke yake mbele ya nyumba, tuikuze tuiweke karibu na jeneza.”

Niliikumbuka picha ile vizuri sana. Mama yule alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono imekunjwa mapajani, anacheka bila kufungua kinywa. Ilinibidi nimweleze mwanawe habari ya radi. Katika simu yake alikuwa na kipicha kidogo nilichomtumia siku ile, lakini kila tulipojaribu kukikuza, uso wa mama ulivunjika ukawa vipande vipande kama sakafu ya vigae. Mwisho wakakuza picha ya kitambulisho chake, ambayo, kama picha zote za vitambulisho, ilimwonyesha kama mtu aliyeitwa kujibu shauri. Kijana hakunilaumu. Alisema tu, “Haya, waitu, ni mipango ya Mungu,” akaondoka. Heri angenitukana.

Usiku huo niliyakumbuka makopo ya mzee aliyenifundisha kazi. Mzee huyo alikuwa na desturi moja asiyoiacha: kila negativu iliyotoka katika chumba cha giza aliikata, akaifunga kwa karatasi, akaitia katika kopo la biskuti lenye mwaka juu ya kifuniko. Alipostaafu nilirithi makopo yale, nami nikaendeleza desturi yake. Lilipotokea tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, ambalo liliua watu na kubomoa nyumba nyingi sana katika mkoa wetu wa Kagera, wateja walikuja kwangu mmoja mmoja kwa wiki kadhaa. Albamu zao zilikuwa zimefukiwa na kifusi kisha zikanyeshewa. Mwanamke mmoja alitaka picha ya mumewe aliyepotea katika ajali ya meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei, 1996, ambaye hata mwili wake haukuonekana. Picha ile ndiyo iliyokuwa kaburi lake. Nilifungua kopo, nikaitafuta negativu, nikaipata. Sijapata kushukuriwa namna ile.

Lakini picha za filamu niliziacha mwaka 2009, na tangu hapo sikuwa na kopo. Teknolojia ilinirahisishia kazi, nami nikadhani kwamba imenirahisishia pia kutunza. La hasha! Negativu iliyalala makoponi ikavumilia tetemeko. Picha za kompyuta hazikuvumilia usiku mmoja wa radi.

Ilipofika Agosti, baada ya kuuza kahawa na kujumlisha akiba yangu, tulikuwa na shilingi 2,900,000. Fedha hizo zilikuwa na mwenyewe tayari. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akiomba tanki la lita 2,000 na mifereji ya bati ya kukingia maji ya mvua, ili watoto wasishuke bondeni kila alfajiri na madumu kichwani. Hesabu yake ilikuwa shilingi 700,000, pamoja na msingi wa kuliwekea tanki. Kila mwaka nilimwambia, “Mavuno yajayo.” Sasa mavuno yalikuwa yamekuja, nami nilikuwa na haja ya kompyuta.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya aina. Mke wangu aliuliza kwa nini nisinunue kompyuta nyingine ya mezani. Swali lake lilikuwa la haki, maana kwa fedha ile ile kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi na kioo kikubwa zaidi, na ikiharibika fundi huifungua kwa urahisi. Nilimjibu kwamba nataka laptopu moja itakayofanya kazi zote mbili. Siku tano ikae juu ya meza ya studio, imeunganishwa na kibodi na mausi, iwe ndiyo kompyuta yangu kuu. Siku mbili isafiri nami hadi Muleba, ili picha za harusi ya Jumamosi nianze kuzihariri Jumapili nikiwa nyumbani, badala ya kumwambia mteja angoje wiki mbili. Tena, laptopu ina betri yake. Radi inapoanza kunguruma juu ya ziwa, nachomoa waya ukutani na kuendelea na kazi. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomnyamazisha.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya bei. Mwanangu wa kidato cha nne alinipeleka katika duka moja na kunionyesha mashine nyeusi yenye taa za rangi chini ya vitufe, iliyotengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo. Bei yake ilikuwa shilingi 2,750,000. Muuzaji alinihesabia nguvu zake hadi nikasikia kizunguzungu. Niliporudi nyumbani nikasema nimeipata. Mke wangu hakupaza sauti. Aliuliza, “Na tanki?” Nikanyamaza. Akaendelea: “Hiyo diski ya kutunzia nakala nayo, imo katika hiyo bei?” Nikanyamaza tena. “Basi, baba watoto, mimi naona unataka kununua radi nyingine.”

Nilikasirika, sitaficha. Lakini neno lake lilinitoa usingizini, nikaanza kujifunza upya kitu ambacho nilidhani nakijua. Hapa nitamweleza msomaji kwa ufupi niliyojifunza, yamkini yatamfaa yeye au kijana wake.

Kompyuta ya kuhariria picha za mnato haihitaji mambo yote yanayotangazwa. Kwanza, inahitaji ramu ya kutosha. Ramu ni kama jani la mgomba unalolitandika chini kumenyea ndizi: likiwa dogo, unamenya chache, unaziondoa, unaanza tena. Kwa kazi yangu gigabaiti 8 hukwama upesi. 16 zinatosha, na ni vizuri zaidi ikiwa mashine ina nafasi ya kuongeza baadaye, maana siku hizi ziko laptopu nyingi ambazo ramu yake imechomelewa humo humo na haiongezeki hadi zitakapokufa. Pili, inahitaji diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Hiyo husoma upesi, na haidhuriki kirahisi kwa mitikisiko ya barabara. Picha ghafi moja ya kamera yangu ina ukubwa wa megabaiti 25 hivi. Harusi moja yenye picha 1,500 hukaribia gigabaiti 40. Tatu, prosesa isiwe ya kizee mno. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kuvutia wakati ule, na sababu yake ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kukoma kuitunza bure programu ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Na Windows 11 kwa kawaida hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Asiyejua hayo hufurahia urahisi leo, kesho akajuta. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kadi kubwa ya michoro, ile ambayo bei ya mashine ya michezo hupanda kwa ajili yake, inasaidia katika baadhi ya kazi, hasa video na programu mpya za kuondoa chengachenga. Kwa mtu anayehariri picha za harusi na vitambulisho, haistahili kula tanki la maji.

Lakini la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kioo. Viko vioo vinavyoonyesha rangi zote za kipimo cha sRGB, kipimo kilichotungwa mwaka 1996 ambacho mpaka leo hutumiwa na simu, mitandao na maabara nyingi za picha. Viko na vioo vya bei rahisi vinavyoonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi hizo. Tena vingine, ukiinamisha kichwa kidogo, weusi unageuka kijivu na weupe unameta. Mpiga picha anayehariri kwa kioo cha namna hiyo ni sawa na mpishi mwenye mafua: anatia chumvi kwa kubahatisha.

Na sisi watu weusi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na haikuwa hadi miaka ya 1990 ambapo zilitoka kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Mzee wangu wa kazi aliteseka sana na jambo hilo. Bibi harusi wa Kihaya alirudi kutoka maabara akiwa mwekundu kama tofali au mweusi asiye na macho. Leo hatuna tena sababu ya kuwageuza watu wetu rangi, ila ujinga wa kununua kioo kibaya.

Nilimweleza mke wangu mambo hayo ya kioo, nikamwambia kwamba sina chombo cha kupimia rangi na dukani kila kioo kinang'aa. Alifikiri kidogo, akaenda chumbani, akarudi na picha ya marehemu mama yake iliyokuwa ukutani. Niliipiga mimi mwenyewe na kuisimamia ilipochapwa, na nakala yake ilikuwa imesalimika katika flashi. “Mchukue mama,” aliniambia. “Umemjua kwa miaka 15. Kioo kitakachomwonyesha kama alivyokuwa, hicho hicho.”

Basi Jumatano moja ya mwezi Septemba nilizunguka maduka ya Bukoba na picha ya mama mkwe imefungwa kwa khanga. Wauzaji walinishangaa. Kila dukani niliomba nichomeke flashi, nifungue picha, kisha niilete mashine karibu na mlango penye mwanga wa kweli, niiweke sambamba na ile ya karatasi. Katika ile mashine ya michezo, mama mkwe aligeuka rangi ya majivu, na nilipoinamisha kioo mashavu yake yakatoweka. Katika ya pili alikuwa mwekundu, kama anayeota moto. Katika laptopu moja ndogo maridadi, iliyo nyepesi kama daftari, alikuwa sawasawa kabisa. Lakini ramu yake ilikuwa gigabaiti 8, imechomelewa, na diski yake ilikuwa gigabaiti 256, ambayo harusi tano zingeikaribia kuijaza pamoja na programu zake. Nilisikitika kuiacha.

Duka la nne lilikuwa la mitumba. Muuzaji, kijana mpole, alinitolea mashine ya kikazi ya inchi 14, iliyochubuka pembeni, isiyovutia hata kidogo. Nilifungua picha. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye kioo na kutoka kwenye karatasi kwa rangi moja: weusi wake wenye wekundu wa mbali, kitambaa chake cha kichwani cha manjano iliyoiva, na kile kivuli kidogo chini ya jicho la kushoto ambacho sikukiondoa kamwe kwa sababu kilikuwa chake. Niliinamisha kioo huku na huku, hakubadilika. Ramu ilikuwa 16 na nafasi ya kuongeza ilikuwepo, SSD gigabaiti 512, prosesa ya kizazi kinachokubalika. Niliomba niitumie kwa saa nzima pale pale dukani. Nikasikiliza feni, nikapima betri inavyoshuka, nikajaribu kila tundu na kila kitufe, nikaandikiwa hati ya dhamana ya miezi mitatu. Bei yake ilikuwa shilingi 1,150,000.

Nikaongeza shilingi 500,000 kwa diski mbili za nje, kila moja terabaiti 2. Programu za kuhariria nilichukua darktable na GIMP, ambazo hazilipiwi, maana zile za kulipia kila mwezi sikuweza kuziahidi fedha kila mwezi. Jumla ikawa shilingi 1,650,000. Mifereji ya tanki ikafungwa wiki iliyofuata, na masalio tukampelekea binti yetu chuoni.

Sitasema kwamba mashine hii haina kasoro. Ninapozihamisha picha za harusi nzima feni hulia kama pikipiki inayopanda mlima, nami nimelazimika kuchongesha kibao cha kuinyanyua mezani ili ipumue. Kioo cha inchi 14 ni kidogo kwa macho ya mtu wa umri wangu, na nikipata fedha nitanunua kioo kikubwa cha kuunganisha studio. Lakini rangi ninayoiona Muleba Jumapili ndiyo ninayoikuta kwenye karatasi Jumanne, na hilo ndilo nililolitaka.

Kazi ya kwanza niliyoifanya juu yake haikuwa na malipo. Nilimtafuta yule kijana wa Nshamba, nikamwuliza kama kuna ndugu yeyote aliyewahi kupewa picha ya karatasi kutoka harusi ile. Baada ya siku kadhaa alinipigia simu: shangazi yake alikuwa nayo moja, picha ya kundi la watu 11, na mama yuko safu ya mbele. Niliifuata mwenyewe. Niliipiga upya kwa kamera kivulini, nikaitoa sura ya mama katikati ya wenzake, nikafuta mkono wa mtu uliopita begani pake na mkunjo wa karatasi uliokata paji la uso. Kazi hiyo ilinichukua Jumapili mbili, mke wangu akiwa ameketi kando yangu anasahihisha madaftari na kuniambia, “Hapo umemfanya kijana mno, mrudishie miaka yake.” Haikuwa ile picha ya kigoda, ile imekwenda, hairudi. Lakini ni yeye, na anacheka. Kijana alipoipokea, mwezi Novemba, hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, “Na hii umeiweka wapi, mzee, isije ikapotea tena?”

Nilifurahi kwamba safari hii nilikuwa na jibu. Picha zangu zote sasa ziko mahali patatu: ndani ya kompyuta, katika diski moja inayokaa Bukoba, na katika diski ya pili inayokaa Muleba. Kila Ijumaa nasafiri na ile ya Bukoba, naiachia nyumbani, na Jumatatu naichukua mwenzake. Radi ikipiga Kashai haitapiga Muleba usiku huo huo, na mwizi atakayeiba huku hataweza kuiba kule. Nyumba mbili ambazo kwa miaka yote niliziona kuwa ni mzigo, sasa zimekuwa ghala mbili.

Ndugu msomaji, akiba haiozi. Ukipata fedha za kununua mashine, uigawe kwanza hesabu yako: weka kando fedha ya nakala, kisha kitakachobaki ndicho cha kununulia. Usiulize mashine ina nguvu kiasi gani kabla ya kuiuliza kama inasema kweli. Na unapokwenda dukani, nenda na sura ya mtu unayemjua vizuri na kumpenda; huyo hatakudanganya.

Mke wangu ndiye mtunzaji wa diski ya Muleba. Ameitia katika kopo la biskuti, moja katika yale ya mzee, pamoja na punje za mchele mkavu katika kitambaa za kunyonya unyevu, na juu ya kifuniko ameandika mwaka. Nje, mvua inaponyesha, tunasikia maji yakiingia tankini.